Meno Yaliyolala

Kijiwe chetu cha Kasongo kiko mbele ya atelie ya Fundi Magloire, ng'ambo ya barabara: benchi moja la mbao na jiko la Mama Amisa, anayepika kahawa ya tangawizi tangu asubuhi. Miye ninashona viatu hapo, wananiita Sindano. Kushoto kwangu anakaaga Kapita, jina lake Emile, aliyesimamia watu shambani zamani na mpaka leo anaongea kama anasimamia. Kulia ni Nourdine, tunamwita Satelite, sababu hakuna habari ya miji ya huku, Salamabila wala Nyangwe, isiyompitia. Katikati yetu alikuwa anakaa Amani, mwenye kuendesha mashine ya kukoboa mpunga kule chini. Jumanne, buloni, bolti iliyoshika puli ya ile mashine, iliachia. Puli ikaruka, ikampiga Amani kifuani, na hatukuwahi kumfikisha hospitali. Ile buloni ilichongwa na Magloire asubuhi ileile, kwenye tour yake, mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakata meno. Tukamzika Jumatano. Tangu hapo mlango wa atelie ulifungwa, na Magloire alikuwa ndani. Sasa ilikuwa Jumamosi, na pale katikati ya benchi hakuna aliyethubutu kukaa.

— Ni chuma, alisema Satelite. Chuma cha siku hizi si chuma. Wanayeyusha masufuria, wanapaka rangi, wanatuletea.

— Sufuria haiwezi kushika puli hata dakika moja, Kapita akamkatiza. Ile buloni ilishika saa tatu nzima. Shida iko kwa tour yenyewe. Iko ya wakati wa pamba, wakati wa Wabelgiji. Mashine ikizeeka inachoka na watu.

— Inachoka na watu namna gani?

— Inachagua. Leo inakubali, kesho inakataa. Miye nilisimamia watu mia mbili, uchovu ninaujua.

— Amani hajamaliza hata wiki kaburini, alisema Mama Amisa, na nyiye mnashitaki vyuma.

Satelite akasogea, akapunguza sauti.

— Sikilizeni. Kuna mutu anataka kufungua mashine yake ya kukoboa. Jumatatu walimuona anazunguka ile ya Amani. Alikuwa na chupa.

— Chupa ya nini? nikauliza.

— Chupa tu. Ilikuwa imefungwa.

— Njo hiyo! Kapita akapiga paja. Dawa ya kulegeza chuma. Nilisikia mutu mumoja alilegeza daraja zima, misumari ikatoka yenyewe, mumoja mumoja.

— Daraja likaanguka?

— Halikuanguka. Lilingoja kwanza watu wavuke.

Siku nyingine Amani angecheka mpaka kahawa immwagikie. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunaongea hivyo tangu Jumatano, na miye nilijua kwa nini. Wakati tunabishana, hakuna aliyelazimika kuvuka barabara na kugonga ule mlango.

Ndipo alipokuja Consolée, mjane wa Amani. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Alikuja peke yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, mkononi fundo la kitenge. Tukasimama wote.

— Pole sana, mama.

— Asante.

Hakukaa. Alifungua lile fundo juu ya benchi. Ndani ilikuwa ile buloni. Kwenye ncha meno yalikuwa yamelika, pameng'aa kama kijiko.

— Baba Kapita, nyiye mnakaaga hapa kila siku. Ninataka kuuliza kitu kimoja tu.

— Uliza, binti yangu.

— Kila Magloire akitaka kuchonga meno, alikuwa anamwita mume wangu ndani amwangalilie mwanga. Aliniambia mwenyewe. Jumanne alipita nyumbani kunywa chai, akasema leo hakuingia, ameacha tu buloni ya zamani mlangoni iwe kipimo, sababu kule kwa mashine wamama wamejaa na mpunga. Sasa, nani aliangalia mwanga?

Satelite, anayejua kila kitu, alikuwa anachungulia kikombe chake. Ni kweli, kila mara Magloire alipopiga mluzi kutoka ndani, Amani alisimama akaenda. Tulifikiri ni urafiki. Hatukuwahi kuuliza anaenda kufanya nini. Na Jumanne ule mluzi ulipigwa, mara mbili. Niliusikia. Nilikuwa na kiatu cha mtu magotini, nikasema moyoni, Amani hayupo, atanyamaza mwenyewe.

Mlango wa atelie ukafunguka.

— Hakuna, alisema Magloire. Hakuna aliyeangalia.

Alisimama kizingitini, ndevu zimeota, mkono mmoja unapapasa fremu ya mlango. Consolée akachukua buloni, akavuka barabara, akamwekea kiganjani. Sisi tukamfuata. Magloire akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno yaliyobaki, pole pole, mara ya kwanza, mara ya pili.

— Yamelala upande mumoja, akasema.

— Nielezee, mume wangu amekufa kwa nini.

— Kisu lazima kisimame wima mbele ya chuma. Ncha yake ilingane na katikati ya chuma, isipande, isishuke. Hapo ninaegemeza kwa chuma kibati chenye mkato wa V, ninaingiza ncha ya kisu mule ndani, chini ninaweka karatasi nyeupe na tochi. Kisu kikisimama sawa, kinagusa pande zote mbili, hakuna mwanga unaopita. Kikiinama hata kidogo, upande mumoja unaona kamstari ka mwanga. Ukichonga hivyo, meno yanalala. Ekru, ile nati, inaingia, unafikiri imeshika, kumbe inashika kwa ubavu mumoja. Mashine ikitetemeka, inayala yale meno mpaka yanaisha.

— Na Jumanne?

— Macho yangu yameingia ukungu, huu mwaka wa pili. Amani tu njo alijua. Jumanne nilipiga mluzi, hakuja mutu. Nikaangalia mwenyewe. Sikuona mwanga, nikasema basi, iko sawa. Sikuuona, Consolée. Na ulikuwa pale.

Niliinamisha uso. Consolée alilia bila sauti, amesimama, hakujifuta. Kisha akasema:

— Mashine ya mpunga imesimama. Kazi ya watu imebaki katikati. Washa tochi.

— Siwezi tena kuchonga.

— Mikono yako iko mizima.

— Nisamehe, dada yangu.

— Sijaja kusamehe. Hilo bado. Nimekuja kuangalia.

Tukaingia. Magloire alifunga chuma kipya kwa kupapasa, akapima ncha ya kisu kwa kidole, akaegemeza kibati. Consolée akainama mpaka shavu lake likakaribia chuma.

— Ninaona mwanga. Upande wa kushoto.

Magloire akagonga kisu kidogo na kipande cha mti.

— Sasa?

— Bado. Umebaki kama unywele.

Akagonga tena.

— Sasa?

Chozi la Consolée lilikuwa limeangukia karatasi. Akaipangusa kwa kitenge, akainama tena.

— Hakuna.

— Angalia tena, Magloire akasema. Ninakuomba, angalia tena.

Consolée akaangalia tena. Kisha Kapita naye akaangalia, Satelite naye, nikaangalia na miye. Hapakuwa na mwanga. Magloire akakaza kisu, akawasha moteri, akaanza na mkwaruzo mwembamba tu, halafu akarudia, kila safari akiingia kidogo zaidi. Alipomaliza, Consolée alishika ekru mwenyewe, akaizungusha kwa vidole. Ikaenda mpaka mwisho bila kuyumba.

Nilikaa karibu na Magloire wakati anazima moteri.

— Niliusikia mluzi, nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akapangusa kisu. Tangu siku ile, akitaka kuchonga meno, ninaacha kiatu ninaenda. Hiyo haimrudishi mutu.

Jumatatu mashine ya mpunga iliwashwa. Consolée alikuja na gunia moja, mpunga ambao walilima pamoja, akajipanga nyuma ya wamama wengine. Mwendeshaji mupya, aliyetoka Nyangwe, hakujua mutu hata mumoja. Zamu ilipofika, akashika chaki, akauliza aandike jina gani juu ya gunia.

— Amani, alisema Consolée.

Akaliandika.