Simu ya Mama Kahawa na Wagonjwa Wake

Benchi letu liko kwenye kona, mkabala na hospitali ndogo, na msemaji wake mkuu ni mimi. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Siku hiyo alikuwepo Kinyozi, aliyekuwa apasuliwe ngiri mchana uleule. Bondia, ambaye hajawahi kupigana na mtu. Na Mama Kahawa na birika lake. Mara akaja Mitambo, fundi wa kompyuta za hospitali, macho yamemtoka.

— Nimeandika programu fupi kuliuliza jedwali la wagonjwa: ufunguo wako ni upi?

— Kwani lina mlango? akauliza Kinyozi.

— Ufunguo ndio unaomtofautisha mgonjwa na mwenzake, mzee. Nilidhani litajibu namba ya faili. Limejibu namba ya simu.

Mama Kahawa akaliteremsha birika. Sisi wote tulijiandikisha kwa simu yake, maana zetu hushinda zimezima.

— Basi sote ni mgonjwa mmoja, nikasema.

— Umoja ni nguvu, akajibu Bondia.

— Nguvu gani, ndugu yangu? akasema Mitambo. Anayeandikishwa mwisho anamfuta aliyetangulia.

Kinyozi akashika tumbo.

— Ina maana mimba ya Mama Kahawa niliibeba mimi?

— Na uliibeba vizuri, mjomba, nikamwambia. Hukutapika hata siku moja.

— Akifa mmoja tumekufa wote, Bondia akasema. Tuzikwe kaburi moja. Mwenda pole hajikwai.

Mitambo hakucheka.

— Nani kaandikishwa mwisho?

— Mimi, juzi, akasema Bondia. Jino.

— Na wewe mzee, faili yako ilikuwa na onyo lolote?

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Penisilini. Nusura iniue utotoni.

Hapo hapo simu ya Mama Kahawa ikaita. Akaweka sauti ya juu.

— Hospitali hapa. Mgonjwa wetu wa upasuaji, kompyuta inasema hakuna dawa inayokudhuru. Njoo basi, penisilini yako iko tayari.

Kinyozi akainyakua simu kwa mikono miwili.

— Binti yangu, usithubutu. Ngiri ni yangu, hiyo faili ni ya jino la mtu.

Tukasikia muuguzi akisogeza trei.

— Pole, baba. Nimeiweka kando. Na wengine waliotoa namba hii ni akina nani?

Tukamgeukia Mama Kahawa.

— Kila aliyeniomba nilimpa, akasema polepole.

Alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye foleni ya hospitali. Nusu yao walikuwa wameshika vikombe vyake.