Maneno ya Pale Stesheni

Ndani ya basi, muuguzi mmoja alikuwa akimchambulia jirani yake wa kiti filamu za Kifaransa. "Zingine zinachosha, kaka! Mtu anavuta sigara dirishani nusu saa, hasemi kitu. Ila ile ya mzee anayemfuata mkewe stesheni! Anamwambia, 'Rudi, mama, nyumba imekuwa kubwa mno.' Mwongozaji yule anaijua ndoa. Kwa maneno hayo nilimrudia mume wangu."

Jirani akameza mate kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Tafsiri inayopita chini ya picha aliiandika yeye, na pale stesheni Kifaransa kilimpiga chenga, akatunga tu.

"Na... mnaishije sasa?"

"Vizuri, tena sana."

Basi likasimama. Jirani akampisha ashuke. "Kweli, dada, mwongozaji yule ni hodari."