Maharagwe Ishirini Mekundu

"Sikuyagusa maharagwe yako, baba watoto. Niliyapita tu."

"Ukayapita, yakajichambua yenyewe?"

Ugomvi huu marehemu na mkewe waliuanza Agosti 1974, wakauendeleza mezani, kitandani, kwenye foleni ya benki na hatimaye wodini. Leo, kwa heshima zote, utaelezwa hadharani.

Marehemu, ambaye wengi walimjua kama Mwalimu Wastani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa fundi wa reli na mshona nguo. Mvua ya usiku huo ilikuwa kubwa hata mkunga akafika akielea juu ya mlango. Marehemu aliikana habari hii maisha yake yote, akidai Machi ile ilikuwa kavu. Lakini yeye ndiyo kwanza alikuwa anazaliwa, angeona nini?

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1966 akaingia chuo cha ualimu. Huko wenzake walipenda dansi, yeye akapenda takwimu. Alianza kufundisha mwaka 1969, na hakuwahi kushika fimbo. Alishika ndoo ya maharagwe ya kuhesabiwa. Wanafunzi wake walipimana vimo, wakahesabiana vifungo vya mashati, wakagombana, wakaelewa.

Mwaka 1974 alialikwa kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa walimu wa takwimu. Alipewa robo saa aonyeshe somo lake, na mkaguzi wa elimu alikaa safu ya mbele kabisa. Somo likipendeza, lingeingia kwenye mtaala. Likiharibika, ndoo ingerudi jikoni. Basi akaijaza maharagwe, nusu mekundu, nusu meupe, akayachanganya vizuri, akaiacha kando ya jukwaa akaenda kunywa chai. Aliporudi, ukumbini kulikuwa na watu elfu mbili. Marehemu alizoea kusema sitini na wawili, lakini leo hawezi kubisha.

"Wenzangu," akasema, "kikombe kimoja kinatosha kuijua ndoo nzima."

Akachota kwa kikombe kidogo, akamwaga mezani. Maharagwe ishirini. Yote mekundu.

Mkaguzi akaguna. "Basi ndoo yako ni nyekundu tupu, Mwalimu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kule mlangoni, mhudumu wa ukumbi alikuwa amejiziba mdomo kwa aproni. Marehemu akamwona.

"Dada, ulikuwa karibu na ndoo hii?"

"Mimi kazi yangu viti, Mwalimu."

"Na maharagwe?"

"Hayo sijayakalia."

Marehemu akacheka kuliko wote. Akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akakoroga, akachota tena: kumi na moja mekundu, tisa meupe. "Mmeona? Kabla ya kuiamini ndoo, ikoroge kwanza!" Makofi yalipigwa mpaka madirisha yakafunguka yenyewe, na somo likaingia kwenye mtaala. Ila kwa kule kukoroga alikuwa ameharibu ushahidi wake mwenyewe kwamba mekundu yalipangwa juu, na alilijua hilo kabla mkono haujatoka ndooni.

Mwaka uliofuata alirudi mkutanoni, akamtafuta yule mhudumu katikati ya viti, akamwonyesha kwa karatasi na kalamu kwamba bahati ya namna ile huipati hata ukichota mpaka uzeeni.

"Basi chota," akajibiwa.

Alirudi hivyo mwaka baada ya mwaka, na mwaka wa nne akapeleka posa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978. Wapo wanaosema alioa ili apate jibu. Mjane anakumbuka tu kwamba kila maharagwe yalipochambuliwa jikoni, marehemu alisimama mlangoni na kusema, "Mikono hiyo naifahamu."

Alistaafu mwaka 2006, na hakukosa mkutano hata mmoja hadi moyo ulipoanza kumsumbua Novemba 2023. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, aliamka mchangamfu wodini, akanywa uji, akamshika mkewe mkono.

"Mama watoto, leo hakuna mkutano wala mkaguzi. Uliyachambua?"

"Unataka kujua kweli?"

"Miaka hamsini, mwanamke!"

Mkewe akasogeza kiti, akamwinamia sikioni. "Siku ile, ulipokwenda kunywa chai…"

Muuguzi akaingia na kigari cha dawa. "Mama, tupishe kidogo."

Marehemu akamkonyeza mkewe. Alifariki saa nne asubuhi, kabla mkewe hajaitwa tena ndani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja na ndoo moja. Watakaomuuliza mjane makaburini watapoteza muda wao: jibu lile lina mwenyewe, na mjane atampelekea. Kwa sasa apumzike kwa amani, na asipige hesabu.