Mwalimu Mwinyimvua na Karatasi Zilizogeuka Zambarau

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha kemia, Mwalimu Mwinyimvua Huseni anastaafu tarehe 30 Juni, 1999. Sekondari ya Mkongeni, Kibiti, inabakiwa na maabara safi na walimu wanaoshusha pumzi, maana sasa hakuna wa kukagua mikono yao kabla ya chai.

Alifika 1973 akiwa mwembamba, na wali wote wa Rufiji haujambadilisha. Vidole vyake vya kulia ni vya njano, na wageni hudhani kapaka hina. Si hina. Ni asidi ya naitriki, ambayo huzigeuza njano baadhi ya asidi amino, zile chembe zinazojenga protini. Ngozi ya Mwalimu nayo ni protini, haikusamehewa.

Enzi za ruksa, maduka ya Kariakoo yalipoanza kujaa, wenzake walikimbilia redio na vitenge. Yeye alirudi na kichupa cha ninhidrini, dawa inayozigeuza asidi amino zambarau ikipata joto. Gesi hatukuwa nayo, basi akapasha karatasi zake kwa pasi ya mkaa. Mkewe, Bi. Mwanawetu, aliitafuta pasi ile muhula mzima.

Sheria yake ilikuwa moja: karatasi haishikwi kwa mkono, kwani hata jasho la vidole lina asidi amino. Siku ya majaribio hakumpa mtu mkono, na sokoni wakasema Mwalimu anaringa.

Mwaka 1990 wakaja wakaguzi. Maabara ikionekana haifai, mchepuo wa sayansi wa kidato cha tano ungehamishiwa Dar es Salaam, na wazazi wengi wa delta walikwisha apa kwamba binti zao hawaendi huko. Mwalimu aliandaa chupa tatu: ya glisini na ya tirosini, zote mbili asidi amino, na ya maji matupu. Lakini mgeni hapewi kazi na njaa, kwa hiyo Mkuu wa Shule, Mwalimu Zaidi, akatanguliza wali wa nazi na kamba wa Mbwera. Wakala kwa mkono, wakanawa juujuu, na kiongozi wao, kwa moyo wa kusaidia, akazishika karatasi na kumpa Mwalimu moja moja. Mwalimu alikuwa na koleo lake mkononi, lakini angesema nini? Mgeni hanyang'anywi kitu.

Kila chupa ikatoneshewa karatasi yake, dawa ikanyunyizwa, pasi ikapita. Karatasi zote zikageuka zambarau, hata ya maji. Wakaguzi wakatazamana. Mwalimu Zaidi akaanza kusoma dua, na wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakajua yamekwisha.

Mwalimu hakumlaumu mtu. Alichukua karatasi mpya kwa koleo, akaibonyeza kwa dole gumba lake, akainyunyizia dawa, akapitisha pasi. Dole likatokea zambarau na mistari yake yote. "Tuwieni radhi, wageni wetu," akasema, "hivi vidole vyangu havina adabu." Basi kila mkaguzi akataka kujaribu dole lake, wakasukumana kama watoto. La kiongozi ndilo lililokolea kuliko yote. Alilitazama, akaitazama karatasi ya maji, kisha akaenda kunawa kwa sabuni bila kuambiwa.

Wakarudia kwa koleo. Karatasi ya maji ikabaki nyeupe, nyingine mbili zikawa zambarau, na asidi ya naitriki ikaigeuza njano tirosini peke yake. Mchepuo ukabaki Kibiti.

Mwandishi wa haya ni mimi, Rukaya, niliyekuwa dirishani siku hiyo, binti wa mvuvi wa Mbwera. Baba alikwisha nieleza kwamba mchepuo ukihama, narudi nyumbani kuamia ndege shambani wasile mpunga. Sikurudi. Kuanzia Julai nitafundisha kemia katika maabara ile, na naogopa, na nakushukuru kwa moyo wote. Pumzika kwa afya, Mwalimu wetu, wewe na Bi. Mwanawetu, na maisha yenu yawe mema.