Sadinyana Aende kwa Miguu Yake

Mgeni rasmi, Rra Modisenyane, mtunzi mkuu wa tamthilia yetu ya "Mlio wa Chumvini". Mma Tebatso, mwongozaji wetu. Wafanyakazi wenzetu wote: dumelang!

KARIBU GWETA

Sisi wapishi, washonaji, madereva na wabeba taa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Miaka mitatu tumekujua kwa maandishi yako tu. Leo tumekuona, na kumbe u mwembamba hivyo! Nyama ya seswaa ipo ya kutosha. Usituonee haya.

TULIKOTOKA

Wewe ndiwe uliyetunga kituo cha utafiti katikati ya uwanda wa chumvi, mlio usiojulikana unakotoka, na watu wanaotoweka kila mlio huo unaposikika, vikabaki viatu vyao. Siku ya tatu ya kazi, mwigizaji aliyepangwa kuwa mfagiaji wa kituo alikwama matopeni njiani. Mma Tebatso akageukia jikoni, akamwona mpishi wetu, Mma Boikanyo Ramotse, akikanda unga wa maandazi ya magwinya.

"Mma, njoo useme maneno mawili tu: 'Sijaona kitu.'"

"Na unga huu?"

"Njoo nao!"

Akasema, kisha akainamisha macho, kama mtu aliyeona. Hilo la macho hukuliandika wewe. Wiki hiyohiyo, ulipoziona picha, ulimpigia simu Mma Tebatso kutoka Gaborone ukauliza, "Huyo mama ameona nini?" Ndipo mfagiaji akapata jina, akaitwa Sadinyana.

MAFANIKIO

Msimu wa kwanza Sadinyana aliogopa hata kivuli chake. Msimu wa pili akawa anaokota viatu vya waliotoweka, anavifuta vumbi na kuvificha, nasi tukamshuku. Wa tatu akamfokea profesa mbele ya kituo kizima: "Unahesabu milio, watu hujawahesabu!" Gweta nzima ilipiga vigelegele.

Mma Boikanyo naye hakubaki alivyokuwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kufungua kinywa kwenye kgotla, baraza la kijiji, mwaka jana alisimama akauliza kisima kitatengenezwa lini. Kimetengenezwa, na maji ya chai utakayokunywa yametoka humo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mswada wa msimu wa nne umetufikia. Ukurasa wa tisa unasema: "Mlio. Sadinyana anatoweka. Viatu vinabaki." Basi! Siku hiyo uji uliungua. Dereva wetu, Rra Kgosietsile, alisema, nasi tunamnukuu kwa heshima zote, "Hawa wa Gaborone wanamwondoa mtu kama wanaozima taa!"

Tukaazimia kukuomba asitoweke. Mma Boikanyo akatucheka.

"Nyie, mnalia msiba wa nani? Kutoweka sikatai. Lakini mtu aliyekua miaka mitatu hanyakuliwi kama kifaranga. Viatu hubaki kwa sababu wenyewe huvivua. Sadinyana analijua hilo tangu siku ya kwanza, ila aliogopa kulisema. Safari hii anavua vyake, anawafuata wenzake."

Misimu mitatu tumebishana juu ya viatu hadi kununiana, na mwenye jibu alikuwa akitusongea ugali wa bogobe kila mchana.

MAOMBI

Kwa hiyo hatuombi Sadinyana aokolewe. Tunaomba aende kwa miguu yake. Na kabla hujauandika upya ukurasa wa tisa, uketi na Mma Boikanyo, japo asubuhi moja.

Yeye alitukataza kabisa kukuambia haya. Alitaka tuombe jiko la gesi tu. Jiko nalo tunaliomba. Ukimtafuta, ni yule pale nyuma, aliyejifunika uso kwa aproni.

Mvua ikusindikize hadi nyumbani kwako, na kalamu yako isikauke. Pula, mvua na inyeshe!

Ni sisi,
Watu wa Jiko, Sindano, Usukani na Taa,
"Mlio wa Chumvini", Gweta.
Imesomwa kwa niaba yao na Onkemetse Molefhi, mshonaji.