Dohani Aacha Sigara

Pale Kibirizi, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, pana benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Hapo Hamdani huuza kahawa, na hapo ndipo anaposhinda kutwa nzima Mzee Nehemia, ambaye wavuvi wote humwita Dohani kwa wingi wa moshi wake, tangu alipoacha sigara. Bintiye Recho amejifungua huko Katubuka, na sharti lake ni moja: babu asimbebe mtoto mpaka harufu ya tumbaku imtoke. Basi Dohani anangoja itoke. Asubuhi hiyo vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi wa nyavu, na kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto.

— Nani kakufunga? aliuliza Injini, fundi wa mashine za boti.

— Daktari.

Daktari, ambaye zamani alilinda geti la zahanati, alikohoa kwa kujipa heshima.

— Hamu haikai kifuani, jamani. Inakaa vidoleni. Kidole kimezoea kubeba. Kikikosa mzigo, kinapeleka malalamiko kichwani.

— Malalamiko hayajapungua, alisema Dohani. Jana nimemfokea mke wangu kwa sababu ya kupumua.

— Kupumua kwako?

— Kwake.

Injini alitikisa kichwa.

— Mnamtesa mzee wa watu. Kifua ni mashine. Mashine iliyozoea mafuta machafu ukiipa safi ghafla, inakuzimikia katikati ya ziwa. Ndiyo maana juzi nilimsimamisha nyuma ya boti, nikawasha, akavuta ule moshi kidogo kidogo.

— Ikawaje? aliuliza Hamdani.

— Nikatapika, alijibu Dohani.

— Si unaona? Uchafu unatoka!

Hamdani aliweka birika chini.

— Nyote mmepotea. Hamu huishi mahali. Huyu kavutia hapa miaka na miaka, hamu imeingia ndani ya ubao. Tuung'oe ubao, tuutose ziwani.

— Na sisi tukae wapi?

— Kwenye tofali.

— Wote?

— Kwa zamu, bwana!

Dohani alishindwa kuvumilia.

— Jamani, mimi nataka kumbeba mjukuu wangu tu. Hebu ninuseni. Bado?

Pua tatu ziliinama juu ya ukosi wa shati lake.

— Tumbaku siisikii, alisema Daktari. Nasikia petroli.

— Na dagaa, aliongeza Hamdani. Hayo ni maendeleo.

Wakati huo akafika Kaneza, mama mgeni aliyeanza kuuza mawese sokoni hapo majuzi. Alitua dumu lake, akaomba kahawa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Mzee Nehemia, hongera. Nimesikia umepata mjukuu. Anaitwa nani?

Injini alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Hamdani. Hamdani akajishughulisha na birika. Wote watatu wakamgeukia Dohani.

— Ni wa kiume au wa kike? Kaneza aliuliza tena, kwa upole.

Dohani alisimama. Kahawa aliiacha nusu.

— Unakwenda wapi? Injini alimwita. Bado unanuka!

— Simbebi, alijibu, akiwa tayari ameshika njia ya Katubuka. Nitasimama dirishani, niulize jina.