Mwalimu Kesho Asubuhi na Tepu ya Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, kama hapo karibu na redio yuko mtoto ameinamia daftari, mwambieni alifunge kidogo. Akiulizwa kesho shuleni, aseme bibi wa redioni ndiye aliyemruhusu. Lawama nitabeba mimi. Mgongo wangu ni wa zamani, umezoea mizigo.

Leo tunamkumbuka mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, kitandani kwake, kichwa kikiwa mlangoni. Hilo la kichwa mlangoni nitalieleza. Msinikimbize.

Watu walimwita Mwalimu Kesho Asubuhi. Kipindi kikiisha alifuta ubao, akapangusa chaki kwenye suruali, akasema, "Iliyobaki mkafanyie nyumbani. Mezani kwangu, kesho asubuhi." Alisema hivyo mwaka nenda mwaka rudi, mpaka maneno yakawa jina. Mkewe anasema hata siku alipokuja kumposa, alimaliza hotuba yake kwa kusema atasubiri jibu kesho asubuhi.

"Ukampa?" nikamwuliza.

"Nikampa keshokutwa," akasema. "Asinizoee."

Huyo mkewe, sasa mjane, ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Cherehani yake imekaa barazani, mbele ya nyumba, na pembeni yake kuna benchi refu la wateja. Nyumba yao ni moja kati ya zile nyumba za mstari, zilizojengwa na fundi mmoja, kwa kipimo kimoja. Ukiuona mlango mmoja umeiona yote. Ukilewa, unaingia kwa jirani.

Shikeni hayo mawili, wasikilizaji. Cherehani iko barazani. Milango yote ni sawa.

Marehemu alikuwa anaiamini kazi ya nyumbani kama wengine tunavyoamini dawa ya mchango. "Mtoto asiyepewa kazi ya nyumbani," alikuwa akisema, "ni chungu kilichoepuliwa kabla hakijachemka." Alitoa kazi kila siku, na kila jioni alijifungia chumba cha nyuma, akafungua redio, akasahihisha. Mtu hakuruhusiwa kugonga. Na asubuhi, mtoto ambaye hakufanya kazi hakuingia darasani. Alipelekwa nyuma ya madarasa kung'oa majani mpaka kipindi kiishe.

Walikuwa na binti mmoja. Binti huyo naye akasomea ualimu, na alipomaliza chuo akapangiwa shule ileile, baba yake akiwa mkuu. Mjane anasema mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Baba na binti walitoka pamoja asubuhi, kila mmoja na mkoba wake. Mwezi wa pili ugomvi ukaingia mezani.

"Baba," binti alisema siku hiyo, "yule mtoto anayembeba mdogo wake mgongoni, leo tena yuko nje anang'oa majani."

"Hakufanya kazi."

"Akifika nyumbani anateka maji, anapika, anabembeleza mtoto. Aifanye saa ngapi?"

"Mimi niliifanya."

"Wewe ulikuwa na bibi aliyekushikia taa."

"Basi na yeye atafute bibi!"

"Na anayekosa somo ni yuleyule anayelihitaji zaidi. Baba, kazi ya nyumbani haimpimi mtoto. Inaipima nyumba."

Mama akasema, "Kuleni, mboga inapoa." Hakuna aliyekula.

Binti akaomba kikao cha wazazi. Alitaka kazi ya nyumbani iondolewe shuleni, na adhabu ya majani iondoke nayo. Marehemu akaapa mbele ya walimu wenzake. Alisema, "Kazi ya nyumbani ikitoka kwa mlango huu, na mimi natoka nyuma yake." Alimaanisha kuacha kazi. Tangu siku hiyo binti akawa anakulia jikoni na baba anakulia sebuleni. Mama Cherehani akawa anapita katikati na sahani, hana pa kukaa. Kumbukeni, wasikilizaji: kwa marehemu, huyu alikuwa binti wa pekee, na shule ilikuwa maisha yake. Katika kikao kile alikuwa apoteze kimoja.

Wiki ya kikao, marehemu akatafuta ushahidi. Akatoa kazi ambayo haihitaji kitabu wala bibi wa kushika taa. Akaliambia darasa, "Kila mmoja apime upana wa mlango wa kwao. Mezani kwangu, kesho asubuhi." Watoto wengi wa darasa lile walikaa katika zile nyumba za mstari. Alijua majibu yatafanana. Alitaka kuwaonyesha wazazi jinsi watoto wao wanavyoweza.

Majibu yakaja, na kweli yalifanana. Sentimita tisini. Tisini. Tisini. Akafurahi, na mchana, watoto wakiwa bado shuleni, akaenda kuupima mlango wake mwenyewe kwa rula ndefu ya ubaoni. Akapata themanini.

Akapima tena. Themanini. Akavuka kwa jirani, akabisha hodi, akapima. Themanini. Mwalimu mkuu mzima, na rula ya mbao begani, anapita nyumba hadi nyumba anapima milango. Jirani mmoja akamwuliza, "Mwalimu, unahama, au unataka kutuhamisha?" Akaendelea kupima. Alikuwa amekasirika. Darasa zima limekosea, tena kosa moja.

Sasa sikilizeni. Miaka yote, marehemu alikuwa anaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, kwa sababu njia ya shule inaishia huko nyuma. Akiingia, moja kwa moja chumbani, redio juu. Siku hiyo, kwa ajili ya milango yake, alirudi jioni kwa mbele. Akaikuta baraza.

Benchi limejaa watoto. Wengine wamekaa sakafuni. Na yule wa mdogo mgongoni yupo. Miaka yote alikuwa anazisikia sauti zao kwa mbali, akadhani wamekuja kupimiwa sare za shule. Mkewe yuko kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, anazungumza kwa pembeni ya mdomo kama wafanyavyo mafundi.

"Mama Cherehani, saba mara nane?"

"Hamsini na nne. Andika upesi, unishikie huu upindo."

Marehemu akasimama kama mlingoti. Hamsini na nne! Mezani kwake, mara ngapi alikuwa ameuliza, "Mama watoto, hivi kwa nini mtaa huu wote wanasema saba mara nane ni hamsini na nne?" Na mara ngapi mkewe alikuwa amemmiminia chai na kusema, "Labda ni maji."

Mnaelewa, wapendwa? Jioni zote hizo, mtu alikuwa anajifungia chumbani kusahihisha kazi ya mke wake.

"Na mlango?" akauliza pale barazani. "Nani amewapimia milango?"

Mtoto mmoja akainua tepu ya Mama Cherehani. Tepu ile, wasikilizaji, iliunguzwa na pasi zamani, na mwenyewe akaikata ncha iliyoungua. Tangu hapo inaanzia kwenye kumi. Mwenyewe anajua. Akipima kiuno cha mtu anatoa kumi kichwani, bila hata kufikiri. Watoto waliiazima, wakapokezana nyumba hadi nyumba, na kumi yao hakuna aliyeitoa.

"Nilisahau kuwaambia," akasema mkewe, akazitoa pini mdomoni moja moja. "Usiwafokee. Mama zao wanarudi giza limeingia. Ukiwapeleka kwenye majani, nani atajua kusoma mtaa huu? Nikaona nisaidie."

"Kwa hamsini na nne?"

"Sasa wewe ungeniambia! Miaka yote unanikata kwa kalamu nyekundu, 'Jitahidi', 'Ovyo', 'Rudia'. Hujawahi hata siku moja kuniambia kosa liko wapi."

Binti yao alikuwa amesimama dirishani. Anasema alitegemea baba yake aipige rula chini. Hakuipiga. Aliiegemeza ukutani taratibu, akaketi kwenye benchi kati ya watoto. Wakasogea kumpa nafasi, kama anayesubiri kupimiwa suruali.

Kikao kikafika. Wazazi wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Binti akasimama, akasema yake. Kisha marehemu akaenda mbele, akaweka juu ya meza tepu ya mkewe.

"Huyu ndiye aliyefanya kazi ya darasa langu," akasema. "Huyu na mwenyewe, amekaa pale mstari wa mbele." Akawasimulia yote, mpaka ile ya maji. Wazazi wakacheka hadi dawati moja likavunjika. Mama Cherehani akajifunika uso kwa mkoba.

Kicheko kilipotulia, mzazi mmoja akauliza, "Mwalimu, uliapa. Sasa unatoka?"

Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Siku zote nilikuwa namtoa nje aliyekosea," akasema marehemu. "Nilikosea hapo pia. Aliyekosea hatoki darasani. Anabaki kusahihisha. Nabaki."

Wakakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeng'oa majani tena wakati wa somo. Kazi itafanyiwa shuleni, kipindi cha mwisho, mwalimu akiwepo. Anayetaka kwenda nayo nyumbani aende nayo, asiyeweza asiulizwe. Jioni ile binti alikuta kiti chake kimevutwa mezani. Hakuna aliyesema nani kakivuta. Msidhani lakini walipatana. Marehemu aliendelea kusema kazi ya nyumbani ni chungu kuchemka, binti aliendelea kusema ni kuni za kuchoma watoto. Walibishana hadi mwisho, ila walibishana wakila.

Naomba nirudie kwa aliyechelewa kufungua redio: tunamkumbuka mwalimu, anayejulikana kama Kesho Asubuhi, aliyefariki wiki iliyopita. Sasa nakuja kwenye mlango.

Mwaka huu maradhi yalimlaza. Akawa chumba cha mbele, na kupitia mlangoni alikuwa anasikia cherehani na kelele za watoto barazani. Kwa sababu watoto bado wanakuja. Shule imewawekea kipindi cha mwisho, lakini pale kuna benchi na kuna mtu. Siku moja akamwita binti yake.

"Mama," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita, "nataka kitanda kitolewe barazani. Nina kazi yako. Pima mlango kama kitapita. Uniletee kesho asubuhi."

"Baba, mimi na kazi za nyumbani unajua hatuelewani."

"Ndiyo maana nakupa."

Binti akaenda kwa seremala aliyekitengeneza kitanda. Akaambiwa upana wake ni sentimita themanini na tano. Akachukua tepu iliyoning'inia kwenye cherehani, akapima mlango. Tisini. Asubuhi akaleta jibu: kinapita, na nafasi inabaki. Wajomba wakaitwa. Wakakibeba kitanda na mgonjwa juu yake, kichwa kikitangulia. Kikagonga miimo ya mlango, kikakwama.

Marehemu akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega tu yanatikisika.

"Mama," akasema, "umetoa kumi?"

Binti akaishika tepu, akaitazama ncha yake. Yeye aliyekuwa dirishani siku ile! Aliniambia, "Bibi, siku hiyo sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtoto wa mgonjwa."

Na yeye baba je? Yeye alijua. Mlango ule aliupima mwenyewe kwa rula ya ubaoni. Alijua ni themanini, akanyamaza usiku kucha, anasubiri.

"Rudia," akasema. "Kesho asubuhi."

Wajomba walitaka wamshushe, wakiinamishe kitanda, kipite kwa ubavu. Akakataa. "Niacheni hapahapa," akasema, "naona vizuri." Akabaki hivyo, mwili ndani ya nyumba, kichwa mlangoni, uso ameugeuzia barazani. Wageni wote tukawa tunaingia kwa mlango wa jikoni. Watoto wakimaliza hesabu walimwinamishia madaftari usoni, naye akawaambia kosa liko wapi.

Asubuhi iliyofuata binti alizunguka kwa jikoni, akasimama upande wa miguuni.

"Themanini, baba."

Akainua kidole, akachora alama ya vema hewani, kubwa, kama ya ubaoni. Siku chache baadaye, mchana, cherehani ikiwa inalia, akapumzika.

Seremala alipokuja kuchukua kipimo cha mwisho, cha jeneza, mjane alimtazama mikononi.

"Umekuja na tepu yako?"

"Ninayo, mama."

"Haya, ingia. Yangu ingemwachia nafasi ya kujigeuza."

Kisha akalia. Tukalia naye.

Mama Cherehani, pole sana. Binti yetu mwalimu, pole. Wajomba, wajukuu, na ninyi mliong'oa majani nyuma ya madarasa mkaja kuzika kwa wingi namna ile, poleni nyote. Mungu amlaze mahali pema.

Mtoto apewe kazi ya nyumbani au asipewe? Mimi nimeishia shule ya msingi, na madaftari yangu nilishayakusanya. Sina jibu. Ila wewe mwalimu unayeshika kalamu nyekundu jioni hii, fungua kwanza mlango wa mbele, uchungulie barazani. Uone hilo unalolikata limeandikwa na nani, na alikuwa na tepu gani.

Na wewe mtoto, sasa fungua daftari lako. Saba mara nane ni hamsini na sita. Hiyo nimekufanyia mimi. Usimwambie mtu.